Jiwe likichomoka chini ya kiatu chako, usinyamaze

Nianze na swali. Uko kwenye mteremko mkali wa mawe, umeshikilia kichaka kwa mkono mmoja, na jiwe la ukubwa wa ngumi mbili linachomoka chini ya kiatu chako. Chini yako kuna watu wanne. Utafanya nini?

Najua jibu lako. Utapiga kelele. Hata mimi ningekujibu hivyo nikiwa nimekaa kwenye kochi nikiperuzi simu. Lakini siku yangu ilipofika, ndugu yangu, nilinyamaza. Ndiyo maana leo nakuandikia. Huenda wikendi ijayo na wewe unaenda kupanda mlima na marafiki, na sitaki ujifunze jambo hili kwa njia niliyojifunzia mimi.

Mimi ni mtoto wa Salgaa. Kama umewahi kusafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret, umepitia kwetu hata kama ulikuwa umelala. Ni pale malori hujipanga pembeni mwa barabara usiku kama ng'ombe zizini, pale utapata chai saa nane za usiku na nyama choma alfajiri. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa. Siku hizi naandika mtandaoni, narekodi video, na mambo yakikaza nauza vifuniko vya simu.

Sisi wa Salgaa tunajua mteremko ni nini. Barabara inashuka kutoka Mau Summit, inapita Sachangwan, inakuja hadi kwetu. Tumekua tukiambiwa habari za madereva wanaotoa gia na kuliacha trela liteleze lenyewe ili wabanie dizeli, kisha breki zikishika moto hakuna la kufanya. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso pale Migaa, watu 36 wakafa. Ilikuwa mkesha wa mwaka mpya. Baada ya hapo barabara ilipanuliwa, magari yanayopanda yakatenganishwa na yanayoshuka. Kwa hivyo ungedhani kijana wa kwetu angekuwa wa mwisho kuuchezea mteremko. Soma kwanza.

Safari yenyewe

Tulikuwa saba. Kundi letu lilianzia WhatsApp, kama makundi yote ya siku hizi, na sitataja mtu kwa jina. Kiongozi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa miaka thelathini na kitu, na wote tunamwita Mwalimu. Kulikuwa na jamaa wa boda, dada mmoja anayesomea uuguzi, mabinamu wawili wanaouza mitumba mjini Nakuru, na utingo wa trela, tanboi kama tunavyosema kwetu, aliyekuwa anasubiri lori lake litengenezwe. Wa saba ni mimi, mtu wa kamera.

Jamaa wa boda alikuja na helmeti yake ya kazi kichwani. Tulimcheka kutoka steji ya matatu hadi juu. "Buda, unaenda kubeba abiria huko shimoni?" Yeye akatabasamu tu. Wala hakuivua.

Tulikuwa tunaenda Menengai. Kama hujafika, jua kwamba Menengai ni mlima uliopinduliwa. Milima mingine unapanda kwanza ukiwa na nguvu, kisha unashuka ukiwa umechoka. Hapa gari linakufikisha ukingoni, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, halafu unashuka ndani ya shimo. Kupanda kunakungoja jioni, wakati maji yamekwisha kwenye chupa na mapaja yanatetemeka.

Shimo hilo lilitokea maelfu ya miaka iliyopita. Volkeno ililipuka ikamwaga vilivyokuwa tumboni mwake, kilele kikakosa kitu cha kukishikilia, kikazama. Kilichobaki ni bakuli la urefu wa kilomita 12 hivi na upana wa kilomita 8, na ukuta wake unafika karibu mita 485 mahali penye kina kirefu zaidi. Chini kuna lava nyeusi iliyoganda, vichaka vya leleshwa, na mvuke mweupe wa visima vilivyoanza kuchimbwa 2011 kutafuta umeme wa jotoardhi. Wazee husimulia kwamba Wamaasai wa Ilpurko na wa Ilaikipiak walipigana hapa karne ya 19, walioshindwa wakasukumwa shimoni, na kwamba mvuke unaofuka ni roho zao zikitafuta njia ya kutoka. Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nawaelewa vizuri sana.

Asubuhi ilikuwa tamu. Tulishuka polepole kwa njia ya miguu, tukapiga picha juu ya lava, tukala chapati na maharagwe tuliyobeba kwenye mkebe. Kosa lilianza tulipokuwa tunarudi, na lilianza kwangu.

Njia ya mkato

Pembeni mwa njia kulikuwa na korongo jembamba ambapo mvua ya Aprili ilikuwa imeangusha kipande cha ukuta. Mawe yalimwagika kutoka juu hadi chini kama mchanga unaomwagwa na tipa. Ukitazama kutoka pale tulipokuwa, ungesema ni ngazi: inapanda moja kwa moja hadi karibu na ukingo, haina kichaka, haina kona. Nikaiona video kichwani kabla ya kuiona hatari.

"Si tupandie hapa? Tutaokoa saa nzima," nikasema.

Mwalimu alitazama juu muda mrefu. "Mawe haya hayajakaa," akasema. "Yamesimama tu."

Kauli hiyo nimeielewa baadaye. Rundo la mawe lililoporomoka halijaisha kuporomoka. Mawe huacha kuteremka mteremko unapofika pembe fulani, mara nyingi kati ya nyuzi 30 na 40, na hapo kila jiwe linashikwa na jirani yake tu. Hakuna udongo wala mizizi ya kuyafunga. Wewe ukiweka kilo zako sabini juu ya jiwe moja, umevunja mapatano ya mawe ishirini. Ndiyo maana unapanda hatua mbili unateleza moja, na ndiyo maana jiwe lililomstahimili mwenzako aliyetangulia linaweza kukukataa wewe.

Lakini tulikuwa tumechoka, na mabinamu wakaniunga mkono. Mwalimu akakubali kwa shingo upande, akatoa masharti. Tusipande kwa mstari mmoja, mtu chini ya mtu. Tuende kwa kukata kona, kushoto halafu kulia. Kila mtu ajaribu jiwe kwa mkono kabla ya kulikabidhi mwili. Na la mwisho, akalirudia mara mbili: "Jiwe likikutoka, hata dogo, piga kelele. Useme 'Jiwe!' Usingoje kuona litaenda wapi."

Wote tukasema sawa. Mwalimu akatangulia, jamaa wa boda na helmeti yake akafuata, kisha mimi, halafu dada wa uuguzi, mabinamu, na tanboi mwisho.

Kimya cha sekunde mbili

Theluthi ya kwanza ilikwenda vizuri. Halafu korongo likawa jembamba, tukajikuta tumejipanga hasa vile tulivyokatazwa. Mimi nilikuwa na simu mkononi. Ndiyo, nilikuwa narekodi. Nilitaka kupata sura za wenzangu kutoka juu, nikageuka nusu, mguu wa kulia ukabonyea.

Jiwe likachomoka. Nililiona likijiviringisha taratibu, kama lina muda wa kutosha. Nikafungua mdomo.

Na hapa, msomaji wangu, nataka uniangalie vizuri, kwa sababu ndilo jambo ninalotaka kukuambia. Sikukosa pumzi. Sikushtuka nikapoteza fahamu. Niliona haya. Ndani ya sekunde mbili zile kichwa changu kilifanya hesabu: nikipiga kelele watajua ni mimi, ndiye aliyeleta wazo la mkato, ndiye anayerekodi, na sasa ndiye anayeangusha mawe. Labda litasimama lenyewe. Labda litapita pembeni. Labda hakuna atakayejua.

Halikusimama. Jiwe linaloanguka mita 20 bila kuzuiwa hufikia mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa. Hilo letu lilikuwa linagonga-gonga njiani, kwa hivyo lilikuwa polepole zaidi, na wala halikusafiri mbali. Lilimpiga dada wa uuguzi kwenye mfupa ulio kati ya shingo na bega. Nilisikia mlio kabla ya kusikia sauti yake.

Likaendelea kushuka, sasa likiwa na wenzake watatu. Aliyepiga kelele ni jamaa wa boda, aliyekuwa juu yangu na hakuangusha chochote: "Jiweee! Jiwe! Shikeni ukuta!" Mabinamu wakajibana kwenye mwamba, mikoba vichwani. Tanboi aliruka pembeni kama mtu aliyezoea. Mawe yakapita.

Alitibiwa na nani pale shimoni? Alijitibu mwenyewe. Alikaa juu ya mwamba, uso umekuwa wa majivu, akatoa amri kwa sauti ndogo: "Chukua leso yangu. Ikunje pembetatu. Mkono ukae hivi, kiwiko kikunjwe. Fundo lisikae kwenye mfupa wa shingo." Jamaa wa boda akamvua kofia ya jua, akamvisha helmeti. Hakuna aliyecheka.

Tulirudi chini hadi kwenye njia ya kawaida, kisha tukapanda nayo. Saa ile moja niliyotaka kuiokoa ilitugharimu saa tatu na nusu. Tulifika ukingoni giza likiingia, taa za Nakuru zimewaka kule chini, mimi nimebeba mikoba miwili na mdomo bado umefungwa.

Alichoniambia tanboi

Katika hospitali moja mjini walimpiga picha. Mfupa ulikuwa na ufa. Wiki sita mkono ukiwa kwenye kitambaa, na zamu zake za mafunzo ya wodini zikampita. Hebu fikiria: mimi niliyeacha chuo kwa kukosa karo, nimemchelewesha mwenzangu chuoni kwa kukosa sauti.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi nje, tanboi alianza kuongea bila kunitazama. Akasema kwenye trela kuna kitu kimoja ambacho dereva mpya huona aibu kukifanya. Breki zikifa mteremkoni, dereva mwenye akili huwasha taa zote, hulalia honi, na haiachi hadi gari lisimame au lipinduke. Kila aliye mbele hujua: huyu ameshindwa, tumpishe. "Lakini kuna mwingine," akasema, "anaona akipiga honi watu watajua gari limemshinda. Ananyamaza akijaribu kulirudisha. Huyo ndiye anayemaliza watu."

Sijui kama alikuwa ameniona. Nadhani alikuwa ameniona.

Niliingia ndani nikamwambia dada ukweli. Hakushangaa. "Nilisikia kitu kinagonga, nikainua kichwa," akasema. "Nikakuona. Mdomo uko wazi, hakuna kinachotoka." Akanyamaza kidogo. "Jiwe linaweza kumtoka mtu yeyote. Lakini aki, ungesema tu hata 'woi'!"

Sasa nisikilize

Usidhani haya ni mambo ya vilima vya nyumbani na watu wasio na uzoefu. Tarehe 4 Januari 2006 kule Kilimanjaro, kwenye njia ya Western Breach, mawe yaliyochomoka juu yaliwaangukia wapanda mlima, Wamarekani watatu wakafariki. Njia hiyo ilifungwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2007. Barafu iliyokuwa imeyashika mawe ilikuwa imelegea. Kule ni barafu, huku kwetu ni mvua, lakini kanuni ni moja: kilichokuwa kinayashika mawe kikiondoka, mawe yanangoja sababu tu. Usiwe wewe hiyo sababu.

Kwa hivyo chukua haya kabla ya safari yako.

Kwanza, njia iliyokanyagwa na wengi ina sababu yake. Ukiona mkato wa mawe mapya, yenye rangi mbichi, yasiyoota hata nyasi, ujue yameanguka juzi na yanaweza kuanguka tena leo. Baada ya mvua ndiyo kabisa. Zunguka.

Pili, ikiwa lazima mvuke mawe, chagueni mojawapo ya njia mbili. Kwenye uwanja mpana wa mawe madogo, nendeni karibu karibu na kwa kukata kona, ili jiwe likitoka limfikie mwenzako kabla halijapata mwendo. Kwenye korongo jembamba, apande mtu mmoja mmoja, wengine wangoje pembeni, mahali ambapo jiwe halifiki, hadi aliye juu aseme "Nimefika!"

Tatu, vaa kitu kichwani. Helmeti ya mpanda milima ndiyo inayofaa. Lakini kati ya helmeti ya boda na kofia ya kuuzia sura Instagram, mimi sasa najua nitachagua ipi.

Nne, ukisikia "Jiwe!", usitazame juu. Najua shingo itataka. Jibane kwenye mwamba, mkoba juu ya kichwa na shingo, ungoje. Uso ndio mahali pabaya zaidi pa kulipokelea jiwe.

Tano, simu mfukoni. Ukitaka kupiga picha, simama kwanza, miguu yote imetulia, halafu piga. Kurekodi huku unatembea juu ya mawe ni sawa na kuendesha gari huku unatuma ujumbe. Kabla ya kuondoka, mwache mtu nyumbani akijua mnakoenda na saa ya kurudi, na uwe na namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu, 1199, kwenye simu yenye chaji.

Sita ndiyo kubwa. Jiwe likikutoka, sema. Sema kabla ya kufikiria. Usipime ukubwa wake, usiangalie linaelekea wapi, usihesabu nani atakucheka. Kelele ya bure haina gharama: wenzako watajibana ukutani sekunde tatu, jiwe litakwama, mtacheka, mtaendelea. Kimya cha bure hakipo. Na ukiwa kiongozi wa kundi, usimfokee aliyeangusha jiwe. Ukimfokea leo, kesho atanyamaza.

Miezi mitatu baadaye kundi letu lilitoka tena, safari hii Longonot, mita 2,776. Njia ya kule ni ya vumbi la volkeno na kokoto nyepesi zinazokimbia chini ya viatu. Dada wa uuguzi alikuja, mkono umepona, helmeti mpya kichwani. Jamaa wa boda alikuja na ileile yake. Langoni Mwalimu alitupanga mstari akatufanyisha mazoezi ya kupiga kelele, mmoja mmoja, watu wengine wakitutazama kama kwaya iliyopotea njia ya kanisa. Nilipiga kwa nguvu zote.

Karibu na ukingo wa juu kokoto moja ilinitoka mguuni. Ilikuwa ndogo, kama punje ya hindi. "JIWEEE!" nikapaza sauti, na watu sita wakalala ukutani kwa mpigo, mikoba juu ya vichwa. Kokoto ikajiviringisha hadi kwenye kiatu cha yule dada, ikasimama.

Akaiokota, akaitazama, akanitazama mimi.

"Hivyo hivyo," akasema. "Hata ya ukubwa huu."